Tunataka maji kwenye robine mbele ya ladha ndani ya chupa

Raia wenzetu wa Goma, wa Bukavu na wa inchi yote,

Tangu juma kadhaa swali moja linarudi katika kila mukutano wetu. Kikundi cha vijana kilitujia kuomba tuwaunge mukono. Wako na wazo la kufungua kampuni ndogo ya kutengeneza maji yenye ladha ya matunda ya kwetu: marakuja, ndimu, nanasi, tangausi. Bila sukari hata kijiko kimoja, na bila zile dawa tamu zinazowekwa pa nafasi ya sukari. Maji safi, harufu ya tunda, chupa, basi.

Wamoja kati yetu walifurahi. Walisema: njo kazi tunayoomba kila siku, vijana wajianzishie kitu bila kungoja kuajiriwa. Wengine walikasirika. Mwenzetu mumoja aliuliza: "Mama yangu anachota ziwani, na nyinyi munataka kumuuzishia harufu?"

Tulibishana, tukalala na swali, kisha tukarudilia. Leo tunasema mawazo yetu mbele ya kila mutu, juu jambo hili linapita kampuni ya vijana hawa. Musimamo wetu ni huu: wazo lao ni zuri na tunaliunga mukono. Lakini hakuna chupa, ikuwe na sukari ao bila sukari, itakayolipa deni ambalo serikali iko nalo kwa raia. Deni hilo ni maji safi kwenye robine ya kila kartie. Na kila mutu atakayetumia biashara ya chupa ili tusahau deni hilo, atatukuta barabarani. Bila silaha, bila matusi, lakini atatukuta.

JUU YA NINI TUNAUNGA MUKONO MAJI BILA SUKARI

Siku ya leo, ndani ya kartie zetu nyingi, kupata sukre ni rahisi kuliko kupata maji safi. Panda mpaka kule juu, kwenye mawe ya volkano. Robine imekauka, lakini butike iko, na ndani ya butike chupa za sukre zimepangwa za rangi zote. Kwenye arusi, kwenye ubatizo, hata kwenye kilio, mugeni akifika anapewa sukre. Ukimupa maji, watu wanasema umemuzarau. Mutoto naye akitoka masomo anakuta mulangoni sashe za maji ya rangi, tamu kabisa, kwa franga kidogo ambayo muzazi alimupa ya kununua mukate.

Sasa tuangalie ndani ya chupa. Kola ya santilita 33 iko na karibu gramu 35 za sukari, maana yake vijiko saba vidogo ao zaidi. Ukimuona mutu anatia vijiko saba ndani ya kikombe kimoja cha chai, utamuuliza kama ana akili sawasawa. Lakini ndani ya chupa hatuvioni. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu ambayo mutu anapata kwa siku ndani ya chakula na kinywaji, na ni vizuri zaidi ikibaki chini ya asilimia 5. Kwa mutu muzima, asilimia 10 ni karibu gramu 50, na asilimia 5 ni karibu gramu 25. Kwa hiyo chupa moja tu imeshapita kile kipimo kizuri, na chupa mbili zimepita hata kile kikubwa. Kwa mutoto kipimo ni kidogo zaidi.

Zamani watu walisema ugonjwa wa sukari ni ugonjwa wa wakubwa, wenye tumbo na gari. Leo tunauona kwa mwalimu, kwa motari, kwa mama wa soko. Na kwetu mugonjwa njo anajilipia: vipimo, dawa, ensulini. Ensulini inaomba frigo, frigo inaomba umeme, na umeme munajua wenyewe. Mutu anayepata ugonjwa huu ndani ya familia maskini, familia yote inaugua naye.

Kwa hiyo kijana akisema "nitatengeneza kinywaji ambacho mutu atapokea kwenye arusi bila haya, na hakina sukari", hatuwezi kumucheka. Anagusa shida ya kweli. Wengi wetu tumezoea utamu tangu utoto, na maji tupu inatuchosha. Harufu kidogo ya ndimu inaweza kusaidia mutu kuacha chupa ya tatu ya sukre. Ni faida kwa mwili na ni faida kwa mufuko.

MUFANO WA MAREKANI, TUUSOME WOTE

Kila mutu anayetuletea wazo hili anatoa mufano mumoja: kampuni Hint ya San Francisco, Marekani. Mama mumoja, Kara Goldin, ambaye mbele alifanya kazi kwenye kampuni ya intaneti AOL, aliianzisha mwaka 2005. Alikuwa amezoea kunywa soda zile za kupunguza unene, zenye dawa tamu. Akaziacha. Maji tupu ikamuchosha, akaanza kukata matunda na kuyatia ndani ya maji nyumbani. Baadaye akapeleka wazo hilo kwenye chupa: maji yenye ladha ya tunda, bila sukari, bila dawa tamu. Moja ya shida zake za mwanzo ilikuwa namna ya kufanya chupa ikae siku nyingi dukani bila dawa ya kuhifadhi. Alitafuta mpaka akapata, na kampuni ikakua, ikaingia ndani ya maduka makubwa na ndani ya mabiro ya kampuni za teknolojia za California.

Mufano ni muzuri. Lakini tusisome nusu yake. Muji wa San Francisco unapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Hetch Hetchy, kule milimani Sierra Nevada. Maji ile inasafiri zaidi ya kilomita 250 ndani ya mabomba na mitaro ya chini ya milima mbele ya kufika mujini, na ilianza kufika mwaka 1934. Mutu akifungua robine pale, maji inatoka muchana na usiku, na anaweza kuinywa. Kampuni ya Hint ilizaliwa juu ya musingi huo, miaka sabini na moja nyuma ya bomba. Mutu wa San Francisco akikosa feza ya kununua chupa ile, hakuna kinachomupata. Anarudi jikoni, anafungua robine, anakunywa.

Kule, chupa inaongeza kitu juu ya kile mutu ameshapata. Hapa kwetu tunataka ianze pa nafasi ya kile hatujapata. Tofauti hiyo njo musimamo wetu wote.

HAPA KWETU, MAJI YENYEWE IKO WAPI?

Mwaka 2011, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilisema kwamba inchi yetu iko na zaidi ya nusu ya maji ya juu ya ardhi ya Afrika nzima. Ndani ya ripoti ileile lilisema kwamba raia 26 tu kwa 100 walikuwa wanapata maji safi ya kunywa. Soma mara mbili. Nusu ya maji ya Afrika, na raia watatu kati ya wane wanakosa.

Goma njo picha ya haya maneno. Tumekaa kwenye kando ya Ziwa Kivu, karibu kilomita za mraba 2.700, na kina chake kinapita metre 450. Tunaliona ziwa toka dirishani. Lakini ardhi yetu ni mawe ya Nyiragongo, kuchimba kisima si kazi ya jembe, na kupitisha bomba ni kuvunja mwamba. Muji unapanda kutoka ziwani kwenda juu, kwa hiyo maji inapaswa kusukumwa na pompi, na pompi inaomba umeme. Umeme ukikatika, maji inakatika. Tena muji umejaa: kila vita ya Masisi na ya Rutshuru ilileta familia mpya, na mabomba yalibaki yaleyale.

Kuna pia tarehe ambazo hatutasahau. Mwaka 1994, kolera iliua makumi ya maelfu ya watu ndani ya kambi za wakimbizi za Goma na pembeni yake, kwa majuma machache tu. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka, lava ikaharibu tanki na mabomba, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia mujini, umeme ulikatika, maji ikakatika, na watu wote, mwenye villa na mwenye nyumba ya mbao, wakashuka ziwani na bidoni.

Kwa hiyo hatusemi kazi ni nyepesi. Tunasema kazi hiyo iko na mwenyewe. REGIDESO ilianzishwa mwaka 1939, wakati wa Wabelgiji. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, sehemu ya 48, inasema haki ya kupata maji safi na umeme inahakikishwa. Tarehe 28 Julai 2010, Umoja wa Mataifa ulitambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Tarehe 31 Desemba 2015, inchi yetu ikapata sheria ya maji, ambayo iliteremusha huduma hii mpaka kwa majimbo na kwa utawala wa chini. Karatasi hazikukosa. Kilichokosa ni bomba.

Na wakati karatasi zimelala mabironi, nani anabeba? Mabinti na wamama. Saa kumi na moja ya asubui wameshashika njia na bidoni mugongoni. Ziwani, kijana wa kujitolea anasimama na seringi, anatia klori ndani ya bidoni moja moja, na kwa wengi ile seringi njo kiwanda chao chote cha kusafisha maji. Mwenye franga kidogo anangoja chukudu ao siterni, kwa bei ambayo inapanda kila mara robine zinakauka. Mutoto wa kike anafika masomo akiwa amechelewa, amechoka mbele ya somo la kwanza.

PIGA HESABU WEWE MWENYEWE

Kuna watu wanaotuambia: "Muache soko ifanye kazi. Kampuni zikikuwa nyingi, maji ya chupa itashuka bei, na shida itaisha." Hatuna shida na soko. Lakini tufanye hesabu pamoja, kwa kalamu.

OMS inasema mutu mumoja anahitaji kati ya lita 50 na lita 100 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na usafi. Tushike ile ndogo, lita 50. Familia ya watu saba inahitaji lita 350. Ni bidoni 17 na nusu za lita 20, kila siku Mungu anayoleta. Hata tukishuka mpaka lita 15 kwa mutu, kipimo ambacho mashirika ya musaada yanatumia kambini wakati wa hatari, bado ni lita 105, bidoni zaidi ya tano.

Sasa shika chupa ya nusu lita kwenye butike ya kartie yako. Angalia bei. Zidisha mara 40. Ile njo bei ya bidoni moja ukiijaza na maji ya chupa. Hatuandike namba hapa, juu bei ya Katindo si bei ya Kadutu na bei ya leo si ya kesho. Fanya wewe mwenyewe, kisha ulinganishe na mushahara wa mwalimu, na feza ambayo mama muuza makala anarudisha nyumbani. Utaona kwamba hakuna kampuni, hata ikuwe na roho nzuri namna gani, itakayoogesha mutoto na maji ya chupa. Chupa inaweza kutuliza kiu ya mutu. Haiwezi kuosha sahani, haiwezi kuosha mikono ya mama aliyetoka kubadilisha mutoto, na haiwezi kuzima kolera.

Wale wanaosema chupa itamaliza shida ya maji, wengi wao wako na tanki nyumbani.

CHUPA INAYOKUNYWEWA INARUDI KUKATA UMEME

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Bukavu wanajua kuliko sisi wote. Maji ya Ziwa Kivu inatokea kwenye muto Ruzizi. Pale kuna baraji inayotoa umeme wa Bukavu, na waya zake zinafika mpaka Goma. Chupa tunazotupa ndani ya mitaro zinashuka na mvua mpaka ziwani, upepo na maji vinazipeleka, na zinafika kwenye baraji. Zinarundikana mbele ya mashine sawa zulia, zinaziba turbini. Wafanyakazi wanazitoa, kesho zimerudi. Turbini ikisimama, umeme unapungua. Umeme ukipungua, pompi zinasimama. Pompi zikisimama, robine inakauka. Robine ikikauka, tunanunua maji ya chupa. Na chupa ile tunaitupa wapi?

Inchi yetu iko na dekre ya tarehe 30 Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia mifuko, sashe na vifungio vingine vya plastiki. Nenda soko lolote, uone vile inafuatwa. Kwa hiyo vijana wetu wakituambia watauzisha ndani ya plastiki mpya bila mupango wa kurudisha chupa, tunawaambia hapana, hata kama ni wadogo zetu. Njia iko, na wazazi wetu wanaijua: chupa ya kioo, unalipa amana, unarudisha chupa, unarudishiwa feza yako. Hivyo njo bia na sukre zinauzishwa mpaka leo. Kama bia inaweza, maji itashindwa nini?

TUNAWAPOKEA VIJANA HAWA NAMNA GANI?

Tumewaambia ukweli wote, kama vile ndugu anaambiwa.

Kwanza, ladha inaweza kuficha ubaya. Maji chafu yenye harufu ya marakuja inanukia vizuri na inaua vizuri. Hapa hakuna mchezo. Matunda yanaingia nyuma ya maji kusafishwa na kupimwa, hayaingii mbele. Tena kinywaji kisicho na sukari na chenye maji ya tunda ndani hakikai siku nyingi kwenye joto. Yule mama wa San Francisco alipata shida hiyo akiwa na umeme masaa 24. Wao wataipata na umeme wa kubahatisha. Wapange kidogo, wauzishe karibu, waandike tarehe ya kweli.

Pili, neno "bila sukari" likuwe bila sukari. Tusione kesho sirop imeingia polepole juu wateja wanapenda tamu. Na wasiseme kinywaji chao kinaponya pressioni ao ugonjwa wa sukari. Maji si dawa ya muganga.

Tatu, nanasi zitoke Idjwi, marakuja zitoke Lubero kila mara barabara inaruhusu, na mama mulimaji alipwe mbele ya mutu wa etiketi. Harufu ya tunda iliyotoka kiwanda cha mbali ndani ya pipa, hiyo haitaitwa mali ya kwetu.

Na sisi tuwaambie wakubwa pia ukweli. Kijana akitaka kufungua kazi hii kwa haki, kitu gani kinamungoja? Maji ya kuanzia analazimika kuinunua kwa siterni. Umeme analazimika kujitafutia na jenereta. Mbele hata ya chupa ya kwanza, watu wenye karatasi na muhuri wanapita mumoja nyuma ya mwingine: huyu takse ya komini, huyu ya jimbo, huyu ya mazingira, huyu ya usafi, na wengine hawana hata jina la biro yao. Mwenye kuchanganya rangi na sukari usiku ndani ya beseni, yeye hapitiwi na mutu. Kwa hiyo inchi inalipisha anayetaka kufuata sheria na inaacha anayewanywesha watoto rangi. Vijana wengi waliacha kazi nzuri juu ya jambo hili, si juu ya uvivu.

KWA WANAOTUAMBIA "HAYA NI MAMBO YA WATAJIRI"

Tumesikia neno hili hata ndani yetu. Vita iko, watu wanahama, na nyinyi munazungumuza ladha ya maji? Jibu letu ni fupi. Mutu maskini pia ana ulimi. Mutu aliyehama vita pia anaota kitu kizuri kwenye arusi ya mutoto wake. Tukikubali kwamba kwa sababu ya vita hatuna haki ya kuomba zaidi ya kutokufa, tumesaidia wale wanaotaka tubaki hivyo. Tunaomba maji, tunaomba kazi, tunaomba pia vitu vizuri vilivyotengenezwa na mikono yetu. Lakini tunaomba kwa utaratibu, na maji inatangulia.

TUNACHOOMBA

Kwa serikali na kwa kila mamlaka inayoongoza miji yetu leo:
1. Itoe mbele ya raia mupango wa maji wa kila kartie, wenye tarehe na bajeti: bomba gani, tanki gani, pompi gani, mwezi gani.
2. Umeme wa pompi upewe nafasi ya kwanza. Umeme ukipungua, pompi ya maji ikuwe ya mwisho kukatwa.
3. Bei ya bidoni kwenye bomba za umma ibandikwe mahali kila mutu anaweza kuisoma, na asiyeifuata aazibiwe.
4. Takse zote zinazogusa viwanda vidogo vya vinywaji ziandikwe kwenye karatasi moja, zilipwe pahali pamoja. Takse isiyo kwenye karatasi ile, hakuna kulipa.
5. Dekre ya 2017 ifuatwe, na kampuni zinazouzisha chupa za plastiki zilazimishwe kuzikusanya.

Kwa wenye kazi ya kupima vinywaji: mupime maji ya sashe na maji ya chupa hadharani, mutangaze matokeo, ya kampuni kubwa na ya ndogo. Etiketi ionyeshe gramu za sukari kwa lugha na kwa herufi ambazo mama anaweza kusoma.

Kwa kampuni kubwa za sukre: mutoke mbele ya milango ya masomo. Matangazo yenu yasitafute watoto wa miaka sita.

Kwa wakuu wa masomo, mapadri, wapasta na maimamu: muweke maji safi, hata bidoni moja yenye kifuniko na robine, pahali watoto wanakutania. Kwenye sherehe zenu, maji isikuwe haya tena.

Kwa wazazi: ndimu moja ndani ya maji iliyochemuka na kupoa, bila sukari, inatosha. Hamungoji kampuni kwa hiyo.

Kwa vijana walioleta wazo: mukifuata masharti tuliyowaambia, tutakuwa wanunuzi wenu wa kwanza. Musipoyafuata, tutakuwa wa kwanza kusema. Na mukipata faida, musisahau kwamba nyuma ya kiwanda chenu kuna mustari wa bidoni. Simameni pamoja na mustari ule.

TUNACHOFANYA SISI

Hatutaomba tu. Kuanzia juma hili, kila kikundi chetu cha kartie kitaandika kwenye daftari siku robine ilitoa maji, masaa mangapi, na bei ya bidoni siku robine ilikauka. Daftari moja kwa kila avenyu, kwa mwezi mumoja. Mwisho wa mwezi tutaziunganisha na kuzipeleka kwa muguu, sisi wote, kwenye mabiro ya wanaohusika, na tutazisoma kwa sauti mbele ya mulango hata kama mulango umefungwa. Mama, baba, dada, kaka mwenye kutaka kuandika katika avenyu yake, aje kwenye mukutano na kalamu. Kadi ya uanachama haiombwi.

Siku maji itatoka kwenye robine za Ndosho, za Mugunga, za Kadutu na za Panzi bila mutu kulala kwenye mustari, njo siku tutakunywa maji ya nanasi ya wadogo zetu bila haya. Mpaka siku hiyo tutawaunga mukono na tutaendelea kudai.

Maji ni haki ya raia. Inayodaiwa italipwa.

Vijana wa harakati, Goma na Bukavu.